Kimemo cha Paroko



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, tulimkuta mama mmoja amesimama karibu na mlango wa sakristia, amevaa sare yake ya WAWATA na kushika bahasha ya kaki mkononi. Tulidhani ana nia ya Misa. Kumbe ndani ya bahasha mlikuwa na nakala za vyeti vya mwanawe: cheti cha ubatizo juu kabisa, kisha cha kipaimara, kisha cha kidato cha nne na cha sita, na chini ya vyote cheti cha shahada. Mpangilio ule ulitueleza yote kabla mama hajafungua kinywa. "Baba Paroko," akasema, "nimesikia pale Malimbe watatangaza nafasi za kazi. Chuo ni chetu. Mwandikie kijana wako kikaratasi, wewe wanakusikia."

Tulimjibu kwamba tutalifikiria. Jibu hilo halikuwa la kweli, maana tulikwisha kujua moyoni kwamba hatutaandika kile alichokitaka. Tulikosa tu ujasiri wa kumwambia papo hapo, jua likiwaka na watoto wa Utoto Mtakatifu wakipita katikati yetu wakikimbilia maandazi. Basi tafakari ya juma hili ndiyo jibu letu kwake, na kwa wengine wengi ambao wametufikia na bahasha kama ile, au watatufikia.

Tuanze na neno lake, "chetu". Ni neno zuri, nasi hatupendi kulibeza. Sisi tunaoishi Nyegezi tumekizoea Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kama jirani anavyomzoea jirani. Wanafunzi wake wanaimba katika kwaya zetu, wanapanga vyumba katika nyumba zetu, na wakati wa likizo mitaa hupwaya hata mwenye duka akapiga miayo. Lakini ni chetu kwa namna gani? Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, mwana wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha hapa Nyegezi kituo cha mafunzo ya kijamii. Nchi ilikuwa mlangoni mwa kujitawala, na watu waliosoma walihesabika. Askofu yule hakukaa chini akajiuliza ni Wakatoliki wangapi watapata ajira katika kituo hicho. Alijiuliza ni nani watakaoitumikia nchi itakapokuwa huru. Wakatoka hapa wahasibu, watu wa maendeleo ya jamii, na waandishi wa habari wa vizazi kadhaa, wengi wao wakiwa si wa madhehebu yetu, wala hakuna aliyewauliza cheti cha ubatizo mlangoni.

Mwaka 1998 maaskofu wetu wakakifanya kuwa chuo kikuu, na shina hilo likachipusha mengine. Bugando ilianza mwaka 2003 ikiwa chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya. Mwenge kule Moshi kilikuwa kishiriki hadi kilipopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2014. Vikaja na vya Iringa, Tabora na Mtwara. Kila kimoja kati ya hivyo kina mlango ambao mama fulani amesimama mbele yake na bahasha ya kaki, akisema "chuo ni chetu". Nasi twasema: ndiyo, ni chetu kama kisima kilichochimbwa na ukoo kando ya njia kuu. Ukoo uliochimba una haki ya kujivunia, na una wajibu wa kukisafisha. Hauna haki ya kumwambia mpita njia kwamba ndoo ya kwanza ni ya shangazi.

Sasa tuseme wazi kazi zenyewe ni zipi, maana tumegundua kwamba wengi wetu hatuzijui. Twasikia "nafasi za kazi chuo kikuu" tukadhani ni mlango mmoja mpana. Sivyo. Kwa wale wanaotaka kufundisha, ngazi ya chini kabisa, ile ya kijana aliyemaliza shahada ya kwanza na kuanza kuwasaidia wahadhiri, kwa kawaida huhitaji GPA isiyopungua 3.8 katika kipimo cha 5. Anayetaka kuwa mhadhiri msaidizi atatakiwa kuwa na shahada ya uzamili yenye alama za juu zaidi, na anayetaka kuitwa mhadhiri atafute shahada ya uzamivu. Masharti haya hayatoki kichwani mwa padre mkuu wa chuo. Yanafungamana na viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu, inayokagua vyuo vya Kanisa kama inavyokagua vya serikali na vya watu binafsi. Kisha zipo kazi za uhasibu, maktaba, usajili wa wanafunzi, kompyuta, udereva, ulinzi, usafi na bustani. Hizi nazo zina vyeti vyake, na nafasi zake ni chache mno. Mhasibu mmoja akistaafu, nafasi moja inafunguka, ilhali kila mahafali yanatoa wahitimu kwa mamia.

Kijana wa yule mama ana 3.1. Tuliiona katika bahasha. Si alama ya aibu, na kwa kazi nyingi inatosha kabisa. Lakini mama anamtaka awe mwalimu wa chuo kikuu, na hakuna kimemo, hata kiwe na mhuri wa parokia, mhuri wa dekania na mhuri wa jimbo, kinachoweza kuipandisha 3.1 ikawa 3.8. Ubatizo humwondolea mtu dhambi ya asili. Hauongezi alama.

Hapa yafaa tujilaumu sisi wachungaji kabla hatujamlaumu kijana. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo tunawakaribisha wanafunzi wapya kwa homilia nzito. Tumewaonya juu ya ulevi, juu ya usafi wa moyo, juu ya marafiki wabaya. Hatukumbuki hata mara moja kusimama tukawaambia: mwanangu, ukitaka siku moja kufundisha katika chuo hiki, hesabu yako inaanza katika muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza, na ukianguka hapo utapanda kwa taabu sana. Kijana yule aliijua habari hiyo akiwa mwaka wa tatu, akihangaikia utafiti wake wa mwisho. Alikuwa ameimba katika kwaya miaka mitatu, mazoezi siku nne kwa juma, nasi tulimsifu kwa hilo. Labda kuna siku ambayo padre mwenye busara angemwambia aende maktaba.

Wapo watakaotuuliza: je, katika chuo cha Kanisa Mkatoliki asipewe kipaumbele? Swali hili lina uzito, wala hatutaki kulipita juu juu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Katiba ya Kitume Ex Corde Ecclesiae ya tarehe 15 Agosti 1990, alitaka walimu wasio Wakatoliki wasiruhusiwe kuwa wengi kuliko Wakatoliki katika chuo kikuu cha Kanisa, ili sura yake isije ikapotea. Aliwataka pia wasio Wakatoliki waitambue sura hiyo na kuiheshimu. Ni jambo la haki. Chuo cha Kikatoliki ambacho hakuna mtu anayejua kwa nini kinaitwa hivyo ni jengo lenye msalaba tu. Na anayefundisha masomo ya teolojia, kanuni ya 812 ya Sheria za Kanisa inamtaka awe na idhini ya mamlaka ya Kanisa.

Lakini someni pia kanuni ya 810. Inapozungumzia uteuzi wa walimu, inataja ufahamu wa taaluma na uwezo wa kufundisha, na pamoja na hayo inadai usahihi wa mafundisho na uadilifu wa maisha. Ujuzi haujafutwa na uchaji. Sheria ya nchi nayo, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7 inakataza ubaguzi wa kidini kazini, isipokuwa pale ambapo asili ya kazi yenyewe inadai tofauti. Maoni yetu ni haya. Mhudumu wa kichungaji wa wanafunzi awe Mkatoliki, ndiyo asili ya kazi yake. Anayefunga hesabu za chuo awe anayejua kufunga hesabu. Na mlinzi wa getini, akiwa ni Mwislamu anayeswali swala zake tano na haibi hata msumari, twamtaka huyo kuliko Mkatoliki ambaye tunamjua kwa sababu tu tunamwona akipokea Komunyo.

Tunasema hivyo tukiwa na kovu. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa paroko msaidizi mahali pengine, mbali na hapa, katekista wetu alituomba tumwandikie mwanawe barua apate kazi ya kutunza stoo katika taasisi moja ya Kanisa. Katekista yule alikuwa mtu wa Mungu, na baiskeli yake ilijua kila kigango. Tungemkataliaje? Tukaandika kwamba kijana huyo tunamfahamu tangu utoto wake na kwamba ni mwaminifu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumekaa parokiani miezi minane, na kijana tulikuwa tumemwona mara mbili. Akapata kazi. Haukupita mwaka mmoja, magunia ya unga na madebe ya mafuta yakawa hayaonekani, na kijana akafukuzwa. Katekista akaacha kufundisha kwa aibu, na sisi tulimwacha aache, kwa sababu tulipomtazama usoni tulijiona wenyewe.

Hayo yalikuwa machungu, lakini hayakuwa machungu zaidi. Siku moja mkuu wa taasisi ile alitudokezea, bila nia ya kutuumiza, kwamba katika usaili ule alikuwapo binti mmoja aliyeshinda wote. Alikuwa ameshasoma kazi ya stoo na kuifanya mahali pengine. Barua ya padre ilipofika, jina lake likashushwa. Hatukuwahi kumwona binti huyo, wala hatujui alikula nini mwaka ule. Tulikuwa tumefundisha amri ya saba mara nyingi kwa watoto wa mafundisho, tukitoa mifano ya kuku na baiskeli. Haikutupitia akilini kwamba mtu aweza kumwibia mwenzake ambaye hajamwona, kwa kalamu, akiwa ofisini mwake chini ya picha ya Moyo Mtakatifu.

Huo ndio ubaya wa kimemo. Anayepata ana jina na uso, na mama yake yuko mbele yako na sare ya WAWATA. Anayepoteza hana uso. Kwa hiyo moyo wa huruma, tena moyo wa mchungaji, huelemea upande mmoja na kujiona umetenda wema.

Hata hivyo, tusidhaniwe kwamba tunayadharau mapendekezo. Yule ambaye chuo chetu kinaitwa kwa jina lake alipata kazi yake kubwa kwa kupendekezwa, na habari yake inafurahisha. Augustino alizaliwa Thagaste, Afrika ya Kaskazini, akawa mwalimu wa ufasaha wa lugha kule Karthago. Alichoshwa na fujo za wanafunzi akahamia Roma mwaka 383. Roma wanafunzi walikuwa watulivu zaidi, ila walikuwa na mchezo mmoja: ulipokaribia wakati wa kulipa ada, walipatana, wakamwacha mwalimu wao ghafula na kuhamia kwa mwingine. (Wahasibu wa vyuo vyetu watakaposoma hapa wataguna.) Ndipo mji wa Milano ulipomwomba Symmachus, aliyekuwa mkuu wa mji wa Roma, autafutie mwalimu. Augustino aliipata habari, akawatumia rafiki zake Wamanikei, watu wa dhehebu ambalo yeye mwenyewe alikwisha kuanza kulitilia shaka, wampigie debe. Kimemo kabisa! Anayakiri hayo katika Maungamo yake bila kujipendelea.

Lakini Symmachus hakuishia kwenye maneno ya marafiki. Alimpa Augustino mada, akamsikiliza akihutubia, na aliporidhika ndipo akampeleka Milano mwaka 384. Symmachus hakuwa Mkristo; alishika dini ya kale ya Warumi. Mpagani huyo alifanya usaili. Na kule Milano ndiko Augustino alikokutana na Askofu Ambrosi, aliyembatiza usiku wa Pasaka mwaka 387, baada ya yeye mwenyewe kuwa ameiacha ile kazi aliyoitafuta kwa bidii kubwa. Pendekezo lilimfikisha mlangoni, lakini mlango ulifunguliwa kwa kipimo. Kama Symmachus aliweza, mkuu wa taasisi ya Kanisa anayepokea barua yetu naye anaweza kuiweka kando kwanza, akamsikiliza mtu.

Sasa tugeuke upande wa pili, na hapa tunajua kwamba baadhi ya ndugu zetu mapadre hawatatupenda. Tumewaambia waamini wasitafute kazi kwa cheti cha ubatizo. Basi na Kanisa, linapomwajiri mtu, lisipunguze mshahara wake kwa cheti hicho hicho. Tumesikia mara nyingi, katika taasisi mbalimbali, neno "utume" likitumika kama pazia. Mwalimu akiuliza mshahara wa miezi miwili umefikia wapi, anaambiwa kazi hii ni utume. Mpishi akiuliza habari ya mkataba, anaambiwa hapa tunamtumikia Mungu. Ni kweli, ni utume. Lakini mwenye nyumba hapokei utume mwisho wa mwezi, na muuza sato pale mwaloni hapimi samaki kwa utume.

Kanisa lenyewe limekwisha kulisema jambo hili. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi akikubali ujira mdogo kwa kubanwa na shida, makubaliano hayo hayaufanyi ujira huo kuwa wa haki. Yohane Paulo II katika Laborem Exercens ya mwaka 1981 aliutazama ujira wa haki kama jiwe la kupimia mfumo mzima wa uchumi, kama una haki au hauna. Na kanuni ya 1286 haikuandikwa kwa ajili ya wenye viwanda. Inawaamuru wasimamizi wa mali ya Kanisa kuzishika barabara sheria za kazi za nchi, na kuwalipa wafanyakazi ujira wa haki unaotosha mahitaji yao na ya watu wao. Kumbe kumwandikisha mpishi NSSF na kupeleka michango yake kwa wakati ni sheria ya Kanisa pia, licha ya kuwa sheria ya serikali. Vivyo hivyo kumpa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, siku zake 28 za likizo ya mwaka, na mama mzazi siku zake 84. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anausikia ujira uliozuiliwa ukilia shambani. Tunamsoma mtume huyo kwa sauti kubwa kanisani, kisha tunarudi ofisini.

Tunaelewa ugumu uliopo. Vyuo vya Kanisa vinaishi kwa ada. Havina bajeti ya serikali ya kulipia mishahara, na mwaka ambao wanafunzi wanapungua, au fedha za Bodi ya Mikopo zinachelewa, mhasibu wa chuo halali usingizi. Vipo vyuo vishiriki vilivyoanzishwa kwa shangwe, maaskofu wakabariki mawe ya msingi, na leo milango yake imefungwa. Kwa hiyo hatumnyoshei kidole mkuu wa chuo yeyote, na hatuzungumzii chuo fulani. Tunachosema ni kwamba fedha zinapokosekana, mfanyakazi aambiwe ukweli, kiasi gani kipo na lini kingine kitapatikana, kama mtu mzima anayeweza kupanga maisha yake. Asipewe homilia badala ya mshahara. Mzee mmoja aliyestaafu katika taasisi isiyo ya hapa kwetu alituambia maneno ambayo hayatutoki: kwamba njaa aliiweza, lakini kile alichoshindwa kukivumilia ni kuambiwa kila mwezi kwamba imani yake ni haba. Alikuwa amemtumikia Mungu miaka ishirini na sita pale, na alipofuatilia mafao yake alikuta michango ya miaka sita haipo.

Yule mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo (20:1-16) kwa kawaida tunamhubiri kwa ukarimu wake, kwamba wa saa kumi na moja alipata sawa na wa alfajiri. Tunasahau jambo dogo la mapema zaidi. Jioni ilipofika, aliagiza watu waitwe walipwe. Jioni ile ile. Na hata yule aliyekuja mwishoni hakuajiriwa kwa kuwa ni mtoto wa fulani. Aliulizwa kwa nini amesimama bure, akajibu ukweli kwamba hakuna aliyemwajiri.

Kabla hatujamaliza, tuseme neno moja kwa vijana ambao bahasha zao zimekwisha kuzunguka ofisi nyingi hata pembe zimechakaa. Ajira inayoletwa na chuo haiko ndani ya uzio peke yake. Tembeeni kutoka stendi ya mabasi ya Nyegezi hadi Malimbe mkihesabu: hosteli, mama lishe, steshenari za kuchapa tafiti, vinyozi, mafundi wa simu, bodaboda, wauza dagaa na sangara wa kukaanga. Wengi wa watu hao wanawalisha watoto wao kwa sababu chuo kipo, na hakuna hata mmoja aliyepeleka kwetu cheti cha kipaimara. Hatusemi kwamba mwenye shahada akaange samaki na kushukuru. Maneno hayo hutoka kwa walioshiba, nasi twajua kwamba nyumba ya parokia haijakosa ugali. Tunasema tu kwamba mama mmoja anayekaanga samaki jirani na chuo amesomesha watoto watatu, na anayemwekea hesabu zake ni mwanawe mwenye shahada ya biashara, na tulipowauliza kama wanahitaji barua yetu walicheka sana.

Na wako wanaozunguka mitaani wakijiita waunganishaji. Wanamwambia kijana kwamba wanamfahamu mtu wa utawala, atoe laki mbili jina lake liingizwe. Msiwape. Nafasi halali ya kazi haiuzwi, na wanaotoa fedha hizo mara nyingi ni wale ambao mama zao wamekopa VIKOBA.

Basi, mama yetu mpendwa wa Jumapili, jibu ni hili. Barua tutaandika, kwa maana baadhi ya taasisi za Kanisa huomba maelezo ya paroko, na mwamini ana haki ya kusemewa na mchungaji wake. Lakini tutaandika tunachokijua. Tutasema kwamba kijana huyu yupo katika parokia hii kwa miaka minne, kwamba aliimba sauti ya tatu, kwamba alitunza daftari la michango ya jumuiya na halikupungua hata shilingi mia, na hilo tulilihakiki wenyewe na mwenyekiti wa jumuiya. Hatutasema kwamba anafaa kufundisha chuo kikuu, kwa sababu hatujui, na kwa sababu alama zake kwa sasa hazimruhusu. Tutamshauri aangalie kazi za hesabu na za usajili, ambako lile daftari la jumuiya lina maana kuliko anavyodhani. Barua tutaifunga, naye ataipeleka mwenyewe pamoja na maombi yake, kwa njia ile ile iliyotajwa katika tangazo. Hatutampigia mtu yeyote simu.

Aje mwenyewe, asimtume mama. Tutakuwa ofisini Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Aje na bahasha yake, na safari hii cheti cha shahada akiweke juu.